Kiti Kikavu cha Nahodha

Boti ile ilikuwa na jina zuri tu, limeandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu, lakini hakuna aliyelitumia. Watu waliiita Kikojozi. Ulipanda upande wa makazi umevaa nguo kavu, ukashuka upande wa ofisi na duara la maji nyuma, kubwa kama sahani, na kila uliyempita alijua umevuka na nini. Walinzi wa mageti ya ng'ambo hawakuuliza tena mtu ametoka wapi. Walimzungusha kwa macho, wakajichekea, wakafungua.

"Bosi, leo umeoga nusu?"

"Fungua geti wewe, acha maneno."

"Nafungua, nafungua. Ila usikae kwenye kochi la mapokezi, tafadhali."

Ubaya wote ulikuwa kwenye mito ya viti. Zilikuwa sponji za kawaida, kama za kochi la nyumbani, zimevishwa ngozi ya plastiki. Kwa nje zilimeta. Lakini kila tundu la sindano kwenye mshono ni mlango: wimbi dogo linaruka ubavu, maji yanatulia juu ya mto, yanapenya, yanalala ndani. Kutoka hayatoki, maana ngozi ileile iliyoshindwa kuyazuia yasiingie inajua sana kuyazuia yasikauke. Abiria akiketi, uzito wake unayakamua yanapanda juu. Mwembamba alilowa kidogo, mnene alilowa mpaka kiunoni. Wazoefu walitembea na mifuko ya nailoni ya kukalia, na mifuko nayo iliteleza, hivyo ilikuwa jambo la kawaida kumwona karani mzima na tai yake akisafiri taratibu kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma bila kutaka.

Aliyehangaika na mito hiyo ni mwenye boti mwenyewe, mjane mmoja mrefu, mkavu, mwenye viganja vilivyosugulika kwa kamba. Kila mtu alimwita Nahodha, hata muuza duka aliyemjua tangu akiwa msichana. Jioni aliivua mito kwenye mbao, akaibeba miwili miwili kichwani mpaka uani kwake, akafungua zipu, akaikanyaga kwa miguu kama mtu anayefua blanketi. Maji meusi yalitiririka hadi mtaroni. Kisha aliisimamisha ukutani kwa ubavu, zipu chini, ili yaliyobaki yajitokee yenyewe. Majirani walimwonea huruma, mjane wa watu, mchana anavusha watu na jioni anakanyaga sponji. Asubuhi mito ilikuwa imekauka nusu. Aliirudisha botini mapema kabla abiria hawajafika, akachukua kopo la kutolea maji, akachota, akaimwagia yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikashiba. Aliyemkuta aliambiwa anaosha viti.

Hapo ndipo penye siri, na sitaizungusha. Nahodha hakuweza kuzuia mkojo. Alipomzaa bintiye wa pekee, uchungu ulimshika muda mrefu kuliko mwili unavyostahimili. Mtoto alitoka hai, na mama akatoka na tundu ndani. Walimshona, uzi haukushika. Walimshona tena, ukashika, akafurahi, akaanza hata kuvaa nguo za rangi, kisha ukaachia siku ya kawaida kabisa akiwa anachagua nyanya sokoni. Hakurudi mara ya tatu. Tangu hapo mkojo ulitoka wakati wake wenyewe, awe ameketi, awe amesimama, awe amelala, na yeye akawa mtu wa nguo nyeusi na vitambaa vya kubadilisha.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa utani mbaya, mtu wa kumcheka hata aliyeanguka. Lakini alimwona mkewe anavyojifungia chumbani, hatoki hata kununua chumvi, na siku moja akamwambia, "Inuka. Twende botini nikufundishe kuendesha."

"Na hali yangu hii?"

"Kule kila mtu ana matako mabichi. Nani atakujua?"

Nimesikia maneno mengi ya mapenzi, mengine yamepakwa marashi mpaka yanaumiza kichwa, na sijasikia lililo zuri kuliko hilo. Alimkalisha kwenye kiti cha nyuma, kando ya injini, juu ya mto uliolowa kama mingine yote. Mto ulimeza maji ya nje, ukameza na ya kwake. Harufu ya ukungu wa sponji ilifunika harufu nyingine. Akawa mtu tena. Akajifunza mkondo unakwenda wapi na mchanga umejificha wapi, akawa anaingiza boti gatini kama mtu anayeweka kikombe mezani, na watu wakaanza kumwita Nahodha kwa heshima ya kweli. Mumewe alipokufa alibaki na boti, na kiti, na ile siri. Kiti kikibaki kibichi, siri inabaki siri. Alikuwa hataki kingine duniani.

Bintiye hakujua. Angemwambia nini? Kwamba wewe ndiye uliyenipasua? Mtoto alikua anajua tu kwamba mama ananuka boti, kama mtoto wa muuza samaki anavyojua mama ananuka samaki, basi.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kuogopwa, naye ni Wifi, dada wa marehemu. Sehemu ya boti ilikuwa yake kwa urithi, na alikaa mbele akikusanya nauli, mkoba tumboni, ulimi nje. Hakuwa na dogo. Aliyekosa chenji alivuka akisimangwa, aliyenenepa aliambiwa boti imeinama. Alikuwa na mwanawe mkubwa nyumbani, mwanamume wa kulala hadi jua la utosi, na kwa muda mrefu alitaka huyo ndiye ashike injini. Hakuwa na sababu ya kumtoa Nahodha. Alikuwa anaitafuta, kama unavyotafuta jiwe kwenye mchele.

Mambo yaliharibika kwa wema. Binti alimaliza masomo yake akapata kazi ng'ambo, ofisi ya vioo, meza yake mwenyewe. Wiki ya kwanza tu aliingia kwenye kikao, akakaa kwenye kiti cha kitambaa cha kijivu, na alipoinuka kiti kilibaki na alama. Mwenzake mmoja alitandika gazeti pale. Binti alirudi nyumbani analia, amefunga sweta kiunoni, na mama yake alimsikiliza huku mikono yake ileile iliyomwaga maji asubuhi ikimpapasa mgongo.

"Usikae, mwanangu. Vuka umesimama."

"Mama, nimevaa viatu vya kisigino. Boti inayumba."

"Vivue."

"Kwa nini wewe huoni tatizo? Watu wote wanaliona, wewe huoni!"

Aliliona. Lilimkata maini. Lakini kesho yake alimwaga maji kama kawaida, maana kilichomwokoa mmoja wao kingemwaibisha mwingine, na asipojiokoa yeye hakuna wa kumwokoa.

Binti alipopata mshahara wake alikwenda kwa fundi makochi bila kumwambia mama. Fundi huyo alikuwa na kibanda barabarani, misumari midomoni muda wote, akiongea kwa pembe ya mdomo. Alimweleza kwamba kuna sponji nyingine, ngumu kidogo, ya aina ile ya malapa. Ukiitumbukiza kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi unaipangusa kwa kiganja, imekauka. Haimezi kitu. Juu yake ataweka ngozi ya plastiki isiyo na mshono sehemu ya kukalia, mishono yote chini. Binti alichagua rangi mwenyewe, rangi ya maziwa, kwa sababu alitaka watu waone usafi.

Alimwambia mama yake wakati wa chakula, akicheka kwa furaha, na Nahodha akarudisha tonge sahanini.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini? Nimeshalipa."

"Basi tutoe mito kabisa. Watu wakae kwenye mbao. Mbao unamwagia maji, inakauka, kwisha."

"Mama! Wenzangu wakae kwenye mbao kama magunia? Nimewaambia. Hata mkuu wangu wa kitengo nimemwambia. Wanazunguka kwa barabara kila siku kwa sababu ya Kikojozi, wanakula foleni, nimewaambia sasa watavuka kama watu."

"Maji ni maji. Boti ni boti."

"Unajua wakisema Kikojozi wanamtazama nani? Wanakutazama wewe." Binti alishika mkono wa mama yake. Hakuwa mtoto mbaya, na hilo linaniuma zaidi. "Nataka na wewe ukae pakavu, Mama. Miaka yote umekaa kwenye maji. Nataka nikufanyie kitu kimoja kizuri."

Nahodha aliinamisha kichwa akala.

Fundi alikuja gatini kuchukua mito ya zamani apate vipimo. Wifi alikuwepo, abiria kadhaa walikuwepo, na Nahodha alikuwa ameshika kamba. Fundi alikuwa mtu wa kupenda kuchekesha kijiwe, akaanza kuipasua mito palepale kwa wembe ili aonyeshe uchafu. Sponji zilikuwa nyeusi kama mkaa. Kutoka kwenye mmoja alichomoa pini ya nywele, kutoka kwenye mwingine kikatoka kidudu hai, watu wakapiga kelele.

"Mnakaa juu ya shamba, ndugu zangu. Hapa hata mchicha ungeota."

Akafika kwenye mto wa nyuma, wa kando ya injini. Aliupasua, akainama, akanusa. Akanusa tena. Maisha yake yote amefungua magodoro ya watu, na pua yake ilikuwa imesoma kuliko sisi. Laiti angenyamaza hapo. Lakini alikuwa na watazamaji, na mtu mwenye watazamaji hanyamazi.

"Huu una harufu yake peke yake," alisema kwa pembe ya mdomo. "Mingine inanuka maji. Huu ni kama godoro la mtoto wa miaka mitatu. Jamani, kumbe boti ni Kikojozi kweli!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nahodha naye alicheka. Alikuwa amezoea kucheka jina lile, ndiyo ilikuwa kinga yake. Alisema, "Fundi, na wewe! Petroli ikichanganyika na maji inanuka hivyo." Fundi akakubali, akatupa sponji, akasahau. Yeye alikuwa anachekesha tu.

Wifi hakucheka. Alikuwa amesimama na mkoba wake tumboni, anatazama nguo nyeusi za Nahodha, anazitazama kuanzia juu hadi chini, kisha anarudi juu. Akakumbuka kwamba hajamwona huyu mwanamke akilala kwa mtu, hata kwenye misiba. Akakumbuka vitambaa vingi kwenye kamba ya nguo uani, na hakuna mtoto mchanga. Jiwe la kwenye mchele alikuwa amelipata. Akatabasamu, akamwambia Nahodha kwa sauti laini ambayo hajaitumia tangu msiba wa kaka yake, "Wifi yangu, kweli umechoka na mito hii. Sasa utapumzika."

Boti ilisimama kazi mpaka mito iwe tayari. Jioni ya kuamkia siku ya mito mipya, Nahodha alisimama mlangoni kwa bintiye. Binti alikuwa anapiga pasi sketi ya rangi ya mchanga, anaimba chini chini. Mama alifungua mdomo. Alikuwa amelipanga neno tangu mchana, neno fupi tu, nina ugonjwa, tangu nikuzae, nisaidie kesho. Binti aliinua uso.

"Kesho utaona raha, Mama."

"Ndiyo," alisema, akaondoka.

Hakunywa maji tangu adhuhuri ya siku ile. Hakunywa hata chai. Asubuhi midomo ilikuwa imepasuka na kichwa kinagonga. Alijifunga vitambaa hadi akatembea kama bata, akaweka nailoni juu yake, akavaa sketi mbili nyeusi, na akaingia botini kabla ya mtu yeyote ili asionekane anavyoketi. Mito mipya ilikuwa imepangwa, myeupe, mikavu, mizuri kweli. Alishika kopo la kutolea maji. Akachota, akamwaga juu ya mto wa kwanza, kwa mazoea na kwa matumaini. Maji yalikimbia juu ya ile ngozi kama yamefukuzwa, yakaanguka sakafuni, na mto ukabaki mkavu unamtazama. Alikuwa amekalia kuti kavu, na wote waliokuwa wanakuja walikuja kumpongeza.

Walikuja wengi siku hiyo. Wenzake Binti walipanda wakipapasa viti kwa viganja, wakaangalia viganja, wakacheka. Binti alikaa nao mbele kabisa, amenyooka, uso unang'aa. Mkuu wake wa kitengo, mwanamume wa manukato na viatu vya kung'aa, alibaki gatini anaongea na simu. Boti ilikuwa imejaa. Wote walimngoja. Aliongea akitembea huku na huku, akicheka na mtu wa mbali, akiinua kidole kuwaomba dakika moja, kisha nyingine. Jua lilipanda. Injini ilikuwa inanguruma chini ya mkono wa Nahodha, na mtikisiko wake ulipanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti.

Alilisikia joto lilipoanza. Vitambaa vilichukua mwanzo, kisha vikashindwa.

Kwenye mto wa zamani lingeshuka chini, likachanganyika na maji mengine, na hakuna ambaye angejua. Mto huu haukumeza. Kilichotoka kilibaki juu, kwenye shimo lililofanywa na uzito wake mwenyewe, kikatulia pale kama kwenye bakuli. Akiinamia kulia kinafuata kulia, akiinamia kushoto kinafuata kushoto. Mwili ulionyimwa maji ulikuwa umetengeneza kitu kikali, cha rangi nzito, na harufu ilianza kumpanda puani yeye mwenyewe. Mkuu alipanda hatimaye, akaomba radhi kwa wote, akaketi mbele karibu na Binti.

Katikati ya safari Nahodha aliona boti kubwa imepita, imeacha mawimbi nyuma. Aliyakata kwa makusudi. Aliyaingia ubavu, akaomba yaruke yamloweshe yeye na kila mtu, kama zamani, ili wote wawe sawa. Watu walipiga mayowe.

"Nahodha, taratibu!"

"Unatuua wewe!"

Wimbi moja liliruka, likarusha matone machache mbele, nyuma halikufika. Binti aligeuka na macho makali. "Mama! Leo? Leo hii?" Nahodha alinyoosha boti, akaenda taratibu.

Kufunga boti ilikuwa kazi yake siku zote. Alizima injini, alisimama, alipita katikati ya abiria na kamba mkononi, akairusha kwenye nguzo ya gati, na watu wakashuka. Siku hiyo alizima injini akabaki ameketi. Boti ilielea karibu na gati, ikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo.

"Wifi, chukua kamba," alisema.

Wifi alikuwa mbele, hatua mbili kutoka nguzoni. Alikunja mikono juu ya mkoba.

"Mimi wa nauli, wifi yangu. Kamba ni yako. Simama utufunge."

"Nakuomba."

"Mbona husimami? Kiti kimenata?"

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mawifi, maana mawifi ndivyo wanavyotaniana. Mkuu alitazama saa. Binti alisema kwa sauti ya chini ya mtu anayejaribu kutabasamu, "Mama, tafadhali, tunachelewa." Wote walikuwa wamegeuka nyuma. Macho yote ya boti yalikuwa kwenye kiti kimoja cheupe na mwanamke wa nguo nyeusi aliyekikalia.

Nahodha alishika kamba, akaweka mguu ukingoni, na bila kumpa mtu yeyote mgongo akajirusha majini.

Maji pale yalimfika kifuani. Alizama, akaibuka, kitambaa cha kichwa kimetoka, nywele zenye mvi zimemganda usoni, kamba ipo mkononi. Akaanza kuivuta boti kwa miguu yake hadi gatini. Watu walishangilia! Walipiga makofi! "Leo Nahodha kafurahia viti vipya!" mmoja alipaza sauti, na Mkuu mwenyewe alicheka akasema hajawahi kuvushwa hivyo. Nahodha alicheka nao, maji yakimchuruzika mdomoni, na ile ilikuwa mara ya kwanza tangu jana anaonja maji. Alikuwa amelowa kuanzia utosini. Hakuna jicho lililoweza kutenganisha sasa maji ya huku na maji ya kule. Kwa muda wa pumzi mbili tatu aliamini ameshinda, na aliwaza kwamba anaweza kufanya hivi kila siku, mpaka afe, wala si kazi kubwa.

Wifi alipita katikati ya abiria kwenda nyuma.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Msishuke. Mmelipia kiti kikavu, njooni muone mnachopewa."

Aliuinua ule mto, shimo lake bado halijarudi, kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayebeba sinia la chai, ili kilichokuwa juu yake kisimwagike kabla ya wakati. Akausogeza mbele ya watu. Akauinamisha. Kilianguka sakafuni kwa mstari mwembamba wa rangi ya njano, juu ya mbao zilizosuguliwa kwa ajili ya siku ile, na kila mtu alikiona na kila mtu alikisikia.

"Maji ya huku ni ya njano?" Wifi aliuliza. "Nuseni. Fundi alitwambia tukacheka. Mwanamke mzima huyu, kila siku, na sisi tumekaa humohumo. Alikuwa anamwaga maji asubuhi, mnamwona, anaosha viti! Alikuwa anatuchanganyia."

Hakuna aliyenusa, hapakuwa na haja. Mkuu aliweka leso puani. Abiria waliokuwa wakavu kabisa, wakavu kwa mara ya kwanza katika boti ile, walianza kujipapasa nyuma, wakajitazama viganja, wakajipangusa kwenye mbao. Mzee mmoja ambaye Nahodha alimvusha bure alipokuwa mgonjwa alitema mate majini, upande uleule aliosimama yule mama. "Miaka yote hiyo?" alisema. "Miaka yote hiyo?" Mwingine alicheka kicheko cha kichefuchefu, na kicheko hicho kikaambukiza, na sasa hakikuwa kile cha makofi. Nawachukia wote wale, na sitaki kuwaombea radhi.

"Kuanzia safari ya kurudi," Wifi alisema, "mwanangu ndiye ataendesha. Nishampigia simu, yuko njiani, anazunguka kwa barabara." Alikuwa amempigia kabla hata boti haijaondoka.

Nahodha hakuwa anamtazama Wifi wala mto. Alikuwa amesimama majini, kamba imezungushwa kiganjani, boti imetulia kwa nguvu ya mikono yake tu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifunga, na alikuwa anamtazama bintiye.

Binti alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umekufa rangi. Alitazama ile njano kwenye mbao, akatazama majini, na nadhani katika kitambo kile aliyaelewa yote kwa pamoja, nguo nyeusi, vitambaa, chumba ambacho mama yake hakutaka walale wote wawili. Angeweza kushuka majini. Angeweza kusema neno lolote. Yule mwenzake aliyewahi kutandika gazeti kwenye kiti cha kikao alikuwa ubavuni kwake, akasogea pembeni kidogo, akashusha macho kwenye sketi ya Binti, ile ya rangi ya mchanga.

"Na wewe," alimuuliza, "ulikuwa umekaa wapi?"

"Mimi?" Binti alijishika sketi kwa nyuma. "Mimi nilikaa mbele. Mbele kabisa, na nyinyi. Mliniona. Hata kumgusa sijamgusa."

Hapakuwa na aliyecheka tena. Walimgeukia mama majini, kama watu wanaongoja shahidi.

"Kweli," Nahodha alisema kwa sauti yake ya kazi, ile ya kuita abiria. "Huyo alikaa mbele. Mpisheni apite."

Walimpisha. Binti alivuka ubao, akashika ngazi za gati, viatu vyake vya kisigino vikitafuta pa kukanyaga, na mama yake aliikaza kamba kwa mikono miwili ili boti isiyumbe mpaka mguu wake wa mwisho ulipotoka.